Namna ya Kuwa Redio Namba Moja Dar es Salaam

Hongera, ndugu meneja. Leseni ya TCRA umeipata, masafa umepangiwa, mnara umesimama, na mtangazaji wa asubuhi umemchomoa kwa jirani kwa mshahara ambao bado unamkaba mhasibu wako kooni. Limebaki moja tu, kuwa namba moja, na hapo ndipo utakapokuta foleni. Kwa mabango na majigambo ya hewani, jiji hili lina redio namba moja nyingi mno. Kila anayeshika kipaza sauti anaongoza. Namba mbili hajawahi kuonekana. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya meneja anayetaka kuwa namba moja hata mbele ya mtu anayejua kuhesabu.

Mtafute kwanza namba mbili

Kabla hujatamka "tunaongoza", jibu maswali manne: mnamwongoza nani, kwa kiasi gani, saa ngapi, na nani aliyehesabu. Ukikwama hata kwenye moja, mwambie mtu wa jingo asubiri.

Kuna vipimo viwili ambavyo wenye redio hupenda kuvichanganya. Cha kwanza ni ufikiaji, yaani watu wangapi walipita kwenye masafa yako walau mara moja kwa wiki. Cha pili ni mgao, yaani katika muda wote ambao wakazi walisikiliza redio, wewe uliambulia sehemu gani. Redio ya muziki mtupu inaweza kuwa na ufikiaji mpana na mgao mwembamba, kwa sababu mtu huingia wimbo unapoanza na kutoka tangazo la kubeti linapoanza. Redio ya dini inaweza kuwa kinyume chake: wasikilizaji wachache, lakini wakishafungua hawahami mpaka betri iwakatalie. Meneja mjanja huchagua kipimo kinachompendeza. Akikikosa, hupunguza uwanja. Anaongoza kwa vijana. Basi vijana wa kiume. Basi vijana wa kiume wa Kinondoni. Basi vijana wa kiume wa Kinondoni, Jumamosi, saa nne usiku. Ukifika hapo umebaki na binamu zako.

Kisha uliza waliohojiwa walikuwa wangapi. Hesabu yake haitaki shahada. Ukihoji watu 400 waliochaguliwa bila upendeleo, jibu unalopata linaweza kupanda au kushuka kwa pointi 5 hivi za asilimia. Kwa hiyo wewe ukipata asilimia 14 na jirani akapata 12, hakuna aliyemshinda mwenzake, na sherehe ya ofisini ahirisha. Ukiwagawa hao 400 kwa usawa katika wilaya tano za mkoa, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kila wilaya inabaki na watu 80, na hapo kosa linafika pointi 11. Lile jingo la "tunatikisa Kigamboni" linatikiswa na watu 80.

Jua unavyokumbukwa

Mtafiti hakai sebuleni kwa mtu akisubiri redio iwashwe. Hupiga simu, hutuma ujumbe mfupi au hugonga mlango, na kuuliza: jana ulisikiliza redio gani, saa hii hadi saa hii? Anachopima ni kumbukumbu. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mwongozo huu, na mameneja wengi hulipita mbio kuwahi ukurasa wenye asilimia. Msikilizaji asiyekukumbuka hukumpata, hata kama mlikuwa pamoja tangu Mbagala Rangi Tatu mpaka Makumbusho.

Itazame asubuhi ya jiji. Kwenye daladala redio ni ya dereva, na abiria wote wanasikiliza chaguo la mtu mmoja. Saluni, gereji, kibanda cha chipsi, meza ya kahawa na kijiwe cha bodaboda, kote huko watu wanasikia redio ambayo hawakuifungua wao na wala hawaoni imekaa kwenye masafa gani. Kesho yake wakiulizwa, wengi watataja redio wanayoijua jina, hata kama iliyokuwa ikilia ni nyingine. Ndivyo redio kongwe inavyovuna wasikilizaji wa redio changa bila kuiba wala kuhonga mtu. Wewe ukiwa mchanga, usianze kulalamika kwamba mtafiti amenunuliwa. Kwanza jiulize kama abiria wa siti ya nyuma alikuwa na sababu yoyote ya kukushika jina.

Dawa ambayo wengi wameikimbilia ni kujitaja kila baada ya nusu dakika, kwa sauti nzito iliyotiwa mwangwi. Mtu anataka kujua bei ya nyanya soko la Ilala, anapewa jina la redio. Anataka kujua kama Barabara ya Morogoro inapitika, anapewa jina la redio na namba ya masafa kwa nyongeza. Jina huganda kichwani likiwa limeshikana na jambo. Sema kwamba lori limeanguka Kibamba na magari yanapishana upande mmoja, eleza njia ya kuchepukia, halafu jitaje mara moja, taratibu. Dereva aliyeokoa saa nzima ya foleni kwa sababu yako atakutangaza kituoni bila kudai posho.

Marekani walilipata somo hili kwa mashine. Kampuni ya Arbitron ilipima redio kwa miaka mingi kwa vijitabu: msikilizaji anaandika mwenyewe alichosikiliza, na dakika 5 ndani ya robo saa zinatosha kuhesabiwa robo saa nzima. Baadaye ikaleta kifaa cha kutembea nacho ambacho kinanasa chenyewe sauti ya redio iliyo karibu, ikaanza kukitumia rasmi Philadelphia na Houston mwaka 2007. Ikaonekana watu wanapitia redio nyingi zaidi ya walizokuwa wakiziandika, na katika kila moja wanakaa muda mfupi zaidi. Vijitabu vilikuwa vimeandika mapenzi, kifaa kikaandika masikio. Sisi bado tunapimwa kwa kuulizwa, kwa hiyo bado tunapimwa kwa mapenzi. Fanya kazi ya kupendwa.

Shuka kutoka Mikocheni

Mikocheni ina baraka zake. Clouds iko huko, Radio One na East Africa Radio za IPP ziko huko, na TBC nayo ina makazi huko. Sina ugomvi na Mikocheni. Hewa ya bahari ni nzuri na umeme ukikatika jenereta zinajibizana. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kati yao 1,346,674 ni wa Temeke. Waite waandishi wako asubuhi ya leo, uwaulize nani analala Temeke. Nani aliyewahi kufika Msongola au Mbande bila kupelekwa na gari la ofisi kufuata msafara wa mkuu wa mkoa? Nani anajua nauli ya bajaji kutoka stendi ya Chanika kuingia ndani? Majibu yao yatakueleza hali ya redio yako kabla ya utafiti wowote wa kulipia.

Sasa tuje kwenye kile kinachoitwa kushuka mtaani. Redio nyingi zina siku yake. Gari la matangazo linapita kuanzia alfajiri likiamsha wagonjwa, spika zinapangwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, watangazaji wanateremka na mabaunsa, fulana zinarushwa hewani, watoto wanakanyagana, na jioni jukwaa linafunguliwa huku taka zikiachwa mikononi mwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Jumatatu ripoti inaandikwa kwamba redio "ipo karibu na jamii". Ilikuwa karibu kwa saa saba. Fulana ikifuliwa mara chache inageuka dekio, na jina lako linamalizia safari kwenye sakafu ya mtu.

Fedha za tamasha moja la namna hiyo zinatosha kumlipa mwandishi mmoja kwa miezi kadhaa akiwa na kata zake mwenyewe. Mpe Chamazi na jirani zake. Apange chumba huko. Ahudhurie mikutano ya mtaa, ajuane na watendaji wa kata, wajumbe, mama lishe wa sokoni na viongozi wa kijiwe. Ajue maji ya DAWASA yalitoka mara ya mwisho lini, muuza maji anauza dumu kwa bei gani, zahanati imeishiwa dawa ipi, na daraja la miti limechukuliwa na mvua tangu lini. Alete sauti za watu wenye hoja, akampigie mhusika amjibu. Halafu afanye lile linalosahaulika, yaani arudi kulekule na jibu. Redio zetu ni hodari wa kukusanya kero. Kero iliyosomwa hewani na kuachwa hapo imetumika kujazia kipindi tu, na aliyeitoa anajua hivyo. Mara ya pili hatapiga simu, na mtafiti akimuuliza hatakutaja.

Usiniambie kazi hii ni ya redio za vijijini peke yake. Nairobi, vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM mwaka 2006, studio yao ikiwa ndani ya kontena. Mwaka 2007 Kibera nako kukawa na Pamoja FM, na vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa mwaka huo, redio ile ndogo ilikuwa ikiwasihi majirani watulie, kwa lugha yao na kutoka ndani ya mtaa wao. Mawimbi ya redio hizo hayafiki mbali. Ndani ya maeneo yake, redio kama hizo zinajulikana kwa sura.

Usicheke muziki wa jirani

Hapa kuna mfano wa nyumbani, tena wa biashara, ili mkurugenzi wa masoko asione tunamhubiria. Singeli ilikulia uswahilini, Manzese, Tandale na jirani zake, kwenye vigodoro vilivyokesha. Wapo waliouita muziki wa wahuni. EFM ilipoingia hewani mwaka 2014 kwenye 93.7, iliuchukua muziki huo na kuupa nafasi hewani na majukwaani. Watu wa mitaa ile wakajisikia wao wenyewe redioni, na redio ikapata jina mjini kwa muda mfupi. Hakuna uchawi hapo. Ni kusikiliza mtaa kabla ya kuutaka mtaa ukusikilize.

Meneja anayesoma hapa na kuagiza mara moja kipindi kingine cha singeli hajanielewa. Singeli ilishachukuliwa. Kuna kitu kingine kinapigwa sasa hivi kwenye uwanja fulani wa vumbi ambacho mimi na wewe hatujakisikia. Mtume yule mwandishi wa Chamazi.

Kuhusu michezo nitakuwa mfupi. Simba na Yanga zitakuletea wasikilizaji hata ukiwaweka wachambuzi watano wakibishana kwa wakati mmoja. Punguza wawili, ili tusikie anayesema nini.

Usilale usiku

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la silaha la kambi ya jeshi Gongo la Mboto lililipuka. Watu zaidi ya 20 walifariki. Maelfu walikimbia gizani bila kujua wanakimbilia wapi, watoto wakapotezana na wazazi, wengi wakaishia Uwanja wa Uhuru. Mbagala ilikuwa imepitia msiba wa namna hiyo tarehe 29 Aprili 2009. Katika usiku kama ule mtu mwenye kiswaswadu na waya wa masikioni ana swali moja: niende wapi, nisiende wapi? Redio inayomjibu ataitaja mpaka uzeeni. Redio inayompigia nyimbo za mapenzi zilizopangwa tangu mchana ataitaja pia, kwa namna yake.

Kwa hiyo nenda studio kwako saa nane usiku, leo, bila kuaga. Ukikuta kompyuta inapiga nyimbo peke yake na mlinzi amejikunja getini, huna redio. Una santuri ndefu. Weka mtu. Anaweza kuwa kijana mmoja na fundi mmoja, ila wawe na ruhusa ya kukata muziki na kufungua kipaza sauti bila kusubiri bosi aamke. Wape daftari lenye namba za wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, Zimamoto, polisi wa kila wilaya, hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Daftari hilo likaguliwe kila mwezi, maana namba za simu za mjini huhama na wenyewe.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo. Kuisoma taarifa ile neno kwa neno ni mwanzo tu. Mama wa Jangwani anataka kuelezwa maana yake kwa bonde la Msimbazi: ahamishe godoro sasa au asubiri asubuhi, watoto awapeleke wapi. Mvuvi wa Feri anataka kujua kama ngalawa iingie. Yeyote anayeweza kuigeuza lugha ya kitaalamu kuwa agizo la kueleweka kwa dakika moja, mlipe sawa na yule nyota wa asubuhi. Nasema kwa dhati: ana thamani zaidi yake.

Na walinzi, madereva wa malori, wauguzi wa zamu, waoka mikate na wapakuaji wa samaki Feri wapo macho kila usiku, bila dharura yoyote. Ni jiji zima la watu ambao matangazo ya usiku huwaacha bila mtu wa kuzungumza nao. Anza nao, ushindani hapo ni haba.

Pima kinachobaki

Wazee wa kazi hii walijua jambo ambalo sisi tumelisahau kwa sababu ya mashindano. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, na Radio One na Radio Tumaini zikaingia mwaka 1994, redio ya taifa hapa Bara haikuwa na mpinzani wa kugombea naye msikilizaji. Ingeweza kulala. Badala yake ilisoma matangazo ya vifo ili ndugu wa mbali wawahi maziko, na ilipeleka salamu kwa wagonjwa vitandani. Mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikaa vikundi vikundi kusikiliza na kujadiliana, kisha wakiinuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Waliofikiwa walikadiriwa kuwa milioni 2. Kipimo cha kampeni ile kilikuwa shimo la choo, kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho.

Miaka 20 baadaye Redio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye yule dereva wa lori Mkwaju na vituko vyake, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti walifanya jambo ambalo meneja wa leo angeliona la kichaa: kuanzia 1993 hadi 1995 eneo la Dodoma liliwekewa vipindi vingine, mchezo ule usisikike huko, ili walinganishe. Matokeo yakaonyesha kwamba sehemu uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Hawakuishia kuuliza nani alisikiliza. Waliuliza aliyesikiliza alifanya nini.

Nawe weka kitabu cha aina hiyo ofisini. Andika kisima kilichotengenezwa baada ya kipindi chako, mtoto aliyepatikana, shule iliyopata matundu ya vyoo, chupa za damu zilizochangwa, foleni iliyokwepwa. Mteja wa matangazo akija, mwonyeshe asilimia zako pamoja na kitabu hicho. Mwenye duka Kariakoo anaelewa kitabu hicho upesi kuliko jedwali lolote, kwa sababu naye anataka kuaminiwa mtaani.

Mwisho nina ombi, na linakuhusu wewe na jirani zako wote mnaojiita namba moja. Uingereza, BBC na redio binafsi hupimwa na chombo kimoja wanachokimiliki kwa pamoja, RAJAR, tangu 1992. Wanashindana hewani, lakini rula wanatumia moja. Ninyi nanyi kaeni meza moja na watoa matangazo na watafiti, mkubaliane namna ya kuhesabu, mhakikishe Chanika na Mbagala zinahojiwa kwa uwiano wa watu wake, na kila ripoti itoke ikiwa na idadi ya waliohojiwa, tarehe, njia iliyotumika na kiwango cha kosa. Itoeni nzima, hata robo ya mwaka ambayo mmeshuka. Msikilizaji wa Dar es Salaam ana haki ya kujua nani kweli anasikilizwa, na mfanyabiashara ana haki ya kujua fedha yake inakwenda wapi. Anzeni mwaka huu.